Siku Moja ya Kula na Kutembea katika Mji wa Lisbon

Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya vijana wanaojifunza kazi ya kuongoza wageni katika Mji wa Kale wa Mombasa. Msemaji ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi.



Nimeombwa niwaelezeni habari za siku moja niliyoipitisha katika mji wa Lisbon, ulio mji mkuu wa Ureno. Nilikuwa nimekwenda Ulaya kumtazama binti yangu aliye masomoni, na wakati wa kurudi nikapata nafasi ya kukaa Lisbon siku tatu. Siku mbili za kwanza zilikwisha kwa kupotea njia, maana mji ule umejengwa juu ya vilima, na mtu akishuka ngazi asizozijua hujikuta mahali asipopajua. Siku ya tatu nikasema moyoni, mimi nimewatembeza wageni miaka ishirini na zaidi; leo na nitembezwe mimi. Nikajiandikisha katika matembezi matatu ya kuona mji na kuonja vyakula vyake, ya asubuhi, ya alasiri na ya jioni.

Sina haja ya kuwaambieni kwamba Mreno ni jina zito hapa Mombasa. Kwa hiyo sikwenda kama mtu aendaye kutazama mji usiomhusu. Nilikwenda kama mtu aliyealikwa chakula katika nyumba ambayo babu ya mwenyeji wake alimwibia babu yake ng'ombe. Mtu wa namna hiyo hula kwa adabu, lakini macho yake hayatulii.

Tulikutana saa tatu na nusu asubuhi katika uwanja mkubwa ulio kando ya mto Tejo. Uwanja huo huitwa Praça do Comércio, yaani Uwanja wa Biashara, walakini wenyeji wengi bado wauita Terreiro do Paço, maana yake kiwanja cha jumba la mfalme, ijapokuwa jumba lenyewe halipo tena tangu mwaka wa 1755. Kiongozi wetu alikuwa kijana mwenye mwavuli wa manjano. Mvua haikunyesha wala jua halikuwa kali. Mwavuli ule ulikuwa bendera yake, ili mtu aliyebaki nyuma akitazama vioski apate kumwona kwa mbali. Tulikuwa watu kumi na wawili kutoka nchi nyingi.

Nataka ninyi vijana msikie jambo alilolifanya kabla hatujainua mguu. Alituambia tutapanda ngazi mara ngapi, vyoo viko wapi, na mahali gani tutapata maji ya kunywa. Kisha alituuliza mmoja mmoja: nani hali nyama ya nguruwe, nani hanywi pombe, nani hudhurika akila kaa, kamba au karanga. Akaandika majibu yetu katika kijitabu. Mimi nilisema sili nguruwe wala sinywi pombe, na tangu saa ile mpaka tulipoagana sikulazimika kusema tena. Nimewaona viongozi wa kwetu wakimpeleka mgeni mkahawani na kumwuliza akiwa amekwisha kupakuliwa.

Matembezi yale ya asubuhi hayakuwa na bei. Mgeni hulipia chakula atakachokionja, na mwisho humpa kiongozi kiasi anachoona kinafaa. Desturi hii imeenea katika miji mingi ya Ulaya. Sina hakika kama ingefaa kwetu; mtu mwenye watoto wanaongoja ada ya shule hawezi kuishi kwa kutegemea moyo wa mgeni. Lakini yakini humfanya kiongozi aseme vizuri.

Uwanjani pale alitueleza habari za tetemeko la ardhi. Ilikuwa tarehe 1 Novemba mwaka wa 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, na watu wengi walikuwa makanisani. Ardhi ikatikisika, nyumba na makanisa yakawaangukia watu, na waliokimbilia ufukoni wakakutwa na mawimbi makubwa yaliyopanda kutoka baharini. Kisha moto ukawaka siku kadha wa kadha. Maelfu na maelfu walikufa. Mfalme José alisalimika kwa kuwa siku ile hakuwamo katika jumba lake, na husemwa kwamba baada ya hapo hakutaka tena kulala chini ya dari la mawe. Waziri wake, ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal, ndiye aliyeujenga upya mji wa chini, uitwao Baixa, kwa njia pana zilizonyoka. Ndani ya kuta za nyumba mpya mafundi walitia fremu za mbao zilizofungamana kama tundu la ndege, ili ardhi ikitikisika tena nyumba iyumbe isianguke. Nilipigapiga ukuta mmoja kwa kidole nikawakumbuka mafundi wetu wa zamani na boriti zao za mikoko. Kila watu hujifunza kujenga kwa yale yaliyowapata.

Njia za Baixa zimepewa majina ya kazi za watu: Njia ya Dhahabu, Njia ya Fedha, Njia ya Washona Viatu. Hii ya mwisho kwa Kireno huitwa Rua dos Sapateiros. Niliposoma kibao chake nikacheka peke yangu, na kijana yule akaniuliza kinachonichekesha. Nikamwambia kwamba bibi yangu alipokuwa akitafuta viatu vyake vya ndani alisema, "Leteni sapatu zangu." Basi akataka kujua zaidi. Nikamhesabia njiani: meza, leso, kopo, kasha, bendera, foronya, mvinyo. Kila nililolitaja alinijibu kwa lake, mesa, lenço, copo, caixa, bandeira, fronha, vinho, na wenzetu wakatusikiliza kama watu wanaosikiliza kwata ya askari. Nilipofika kwenye neno gereza akanyamaza. Kwao igreja ni kanisa. Nikamweleza kwamba ndani ya Ngome ya Mombasa mlikuwamo kanisa, watu wakaiita ngome yote kwa jina hilo. Tena kutoka mwaka wa 1895 mpaka 1958 Ngome ikawa jela ya serikali ya Kiingereza. Ndiyo maana neno la mahali pa kusali limekuwa kwetu neno la mahali pa kufungiwa. Hilo hakuliandika katika kijitabu chake.

Tukafika kwenye kiwanja kidogo mbele ya kanisa la São Domingos. Hapo pana kiduka kisichozidi upana wa mlango, nacho kimekuwa kikiuza ginjinha tangu mwaka wa 1840. Hiki ni kinywaji kikali chekundu kitokanacho na matunda madogo machachu. Mnunuzi hushika kikombe kidogo, hunywa akiwa wima, na muuzaji humwuliza kama anataka matunda ndani yake au hataki. Wenzangu walikunywa, mimi niliagiziwa kahawa katika duka la pili bila ya kuomba. Lakini kilichonishika zaidi kilikuwa watu waliokuwapo. Kiwanja kile ni baraza la Waafrika wa Lisbon, na wengi wao asili yao ni Guinea-Bissau. Mabibi wameketi na vikapu, wanaume wamesimama wakiulizana habari za nyumbani. Nilisalimu kwa Kiswahili, nikajibiwa kwa lugha nisiyoijua na kwa tabasamu niliyoijua. Kando yao pana jiwe la ukumbusho wa Wayahudi waliouawa mwaka wa 1506, katika mauaji yaliyoanza kanisani pale pale. Kanisa lenyewe liliungua mwaka wa 1959, na lilipofunguliwa tena mwaka wa 1994 nguzo zake ziliachwa na makovu ya moto. Kijana yule hakupaka chokaa juu ya habari hiyo. Alisema tu, "Hapa watu wa mji huu walifanya jambo baya," akangoja kidogo, kisha tukaendelea.

Tulipanda tramu, yaani gari la umeme liendalo juu ya reli. Ile ya namba 28 ni ndogo, ya manjano, na hupita katika njia nyembamba hata abiria aweza kugusa ukuta. Tukashukia Alfama, mtaa wa kale ambao tetemeko halikuuangusha wote. Mtu wa Mji wa Kale akiwekwa Alfama amefungwa macho, kisha akafunguliwa, atadhani yuko nyuma ya Ndia Kuu: vichochoro, ngazi, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya wapitao, paka, na wazee mlangoni. Hata jina lake ni la Kiarabu, na asili yake ni chemchemi za maji ya moto, maana Waislamu waliutawala mji huu kwa muda wa miaka mia nne na zaidi hata mwaka wa 1147, ulipotekwa na mfalme Afonso Henriques.

Chakula cha mchana tulikula katika mkahawa mdogo wenye meza sita. Kwanza ililetwa supu iitwayo caldo verde. Bwana Mwenyekiti, nilipoitazama supu ile niliona aibu ya kuwa nimesafiri mbali hivi. Ilikuwa sukuma wiki! Majani yamekatwa membamba kama nyuzi, yametiwa katika uji wa viazi ulaya na mafuta ya zeituni. Desturi ni kuweka juu yake kipande cha soseji ya nguruwe. Bakuli langu halikuwekewa. Kisha akaja bacalhau. Huyu ni samaki wa bahari za baridi za kaskazini, mbali sana na Ureno, hutiwa chumvi na kukaushwa hata akawa mgumu kama ubao. Kabla ya kupikwa hulowekwa siku nzima au zaidi, na maji hubadilishwa mara kwa mara. Tulichokula kilikuwa kimechambuliwa na kukaangwa pamoja na mayai na viazi vilivyokatwa kama njiti. Aliyezoea papa mkavu na ng'onda hatashangaa. La kushangaza ni kwamba taifa lenye bahari mlangoni limependa kuliko vyote samaki asiyekuwa wa bahari yao.

Mezani palikuwa na chupa ndogo ya piripiri. Wareno hujua kwamba neno hilo walilitoa Afrika. Mmea wenyewe ulitoka Amerika, ukaletwa Afrika katika jahazi zao, ukakua katika mashamba yetu, na jina likarudi nao Ulaya. Ndivyo yalivyokuja mahindi pia, na muhogo, na nanasi. Mkulima wa bara asiyeiona bahari maisha yake yote hula kila siku kitu kilichopita katika habari hizi.

Alasiri tulikwenda Belém, yapata maili nne upande wa magharibi, mahali ambapo mto hukutana na maji ya bahari. Kiongozi wa matembezi haya alikuwa bibi mmoja wa makamo, mwenye sauti ndogo, naye hakuwa na mwavuli. Alitusimamisha karibu-karibu ili asipaze sauti, na kwa sababu hiyo watu walinyamaza. Hili nalo ni fundisho.

Kwanza alitupeleka kula vikate vya Belém. Ni vikombe vidogo vya unga wa matabaka, ndani yake mna viini vya mayai, maziwa na sukari, vimeokwa katika moto mkali hata uso ukawa na madoa meusi. Huliwa vikiwa moto, na mlaji hujinyunyizia mdalasini mwenyewe. Husemwa kwamba watawa wa nyumba ya Jerónimos iliyo karibu ndio waliovibuni. Nyumba za watawa zilipofungwa na serikali mwaka wa 1834, maarifa hayo yaliingia mikononi mwa wenye duka, nao wameviuza tangu mwaka wa 1837 bila ya kumwambia mtu namna ya kuvitengeneza. Mimi nilikula vitatu. Nilipokuwa nikijinyunyizia mdalasini nilifikiri jinsi unga huo mdogo ulivyowatoa watu makwao, ukawafikisha mpaka kwetu.

Kutoka hapo tuliingia katika kanisa la Jerónimos. Ni jengo la mawe meupe yaliyochongwa kama kamba za jahazi, makombe na matawi ya miti. Mfalme Manuel alianza kulijenga mwaka wa 1501, na fedha zake zilitokana na sehemu moja katika ishirini ya mapato ya biashara ya Afrika na ya Mashariki. Karibu na mlango, upande mmoja, amelala Vasco da Gama katika kaburi la mawe, mikono yake imekutana kifuani. Alikufa Cochin katika Bara Hindi mwaka wa 1524, na mifupa yake ilihamishiwa hapo mwaka wa 1880.

Bibi yule alituhadithia safari yake: alivyotoka Belém mwezi wa Julai mwaka wa 1497, alivyoizunguka ncha ya kusini ya Afrika, alivyopata rubani katika bandari moja ya Afrika ya Mashariki, na alivyofika Calicut mwezi wa Mei mwaka wa 1498. Alisema vizuri. Lakini ile "bandari moja" ilinichoma. Wenzangu walikuwa wakipiga picha. Nikainua mkono kama mtoto wa shule, nikasema, "Bibi, bandari hiyo ina jina. Ni Malindi. Na kabla ya Malindi alifika kwetu Mombasa."

Akaniambia niendelee. Basi nikasimama mbele ya kaburi la Vasco da Gama nikaifanya kazi yangu. Nikawaeleza kwamba jahazi zake zilipotia nanga Mombasa mwezi wa Aprili mwaka wa 1498, mabaharia wengi walikuwa wagonjwa wa kiseyeye, ule ugonjwa wa kuvimba ufizi unaowapata watu wasiokula matunda wala mboga mbichi. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, na machungwa mengi, na malimau, na miwa. Habari hizi hazikuandikwa na sisi, ziliandikwa na Mreno mmoja aliyekuwamo safarini. Na yeye mwenyewe asema kwamba wagonjwa wote walipona Mombasa, kwa sababu hewa ya huko ni nzuri. Hewa yetu ni nzuri, sikatai. Lakini leo kila daktari atakuambia ni machungwa. Watu wale walishukiana na wenyeji, wakaondoka bila ya urafiki. Malindi walipokewa vema na kupewa rubani. Nao waliporudi kutoka Bara Hindi mwezi wa Januari mwaka wa 1499, wakiwa wengi wao wamekwisha kufa, kitu walichokiomba Malindi kwa ajili ya wagonjwa kilikuwa machungwa. Na miaka sita baadaye, mwaka wa 1505, jahazi za Wareno ziliingia Mombasa zikauteka mji na kuuchoma moto.

Hapo nikakoma, nikaogopa kwamba nimevunja adabu. Mzee mmoja wa Kidachi alinishika mkono. Bibi yule alikuwa akiandika. Mwisho wa matembezi, wengine walipokwisha kwenda zao, aliniambia, "Bwana, kama una saa moja, kuna kitu nataka ukione. Hakimo katika matembezi yangu."

Tukapanda tramu kurudi upande wa mjini, tukashuka karibu na makumbusho makubwa ya sanaa za kale. Alinipeleka moja kwa moja mpaka kwenye kabati la kioo. Ndani yake mlikuwa na chombo cha dhahabu, ambacho Wakatoliki hukitumia kuionyesha Hostia Takatifu katika ibada. Ni kazi ya ajabu. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kukizunguka, kila mmoja mdogo kama kidole, wamepakwa rangi za kung'aa. Akanionyesha maandishi yaliyo chini yake. Sijui Kireno, ila neno moja nililisoma mwenyewe bila ya kusaidiwa: Quiloa.

Ni Kilwa, ndugu zangu. Mwaka wa 1502 Vasco da Gama alikwenda Kilwa na jahazi za vita, akamlazimisha mtawala wake kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ile ililetwa Lisbon, na mfalme Manuel akaamuru ifanywe chombo hiki, kikamalizika mwaka wa 1506. Hawakuficha. Waliandika juu ya chombo chenyewe kwamba ni dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Nilisimama pale muda mrefu. Sitawaambieni kwamba nililia, maana sikulia, lakini nilitamani wazee wangu waione. Ndipo bibi yule akaniuliza swali ambalo sikulitazamia. Alisema, "Na wewe, mgeni wa Kireno akija Ngomeni kwenu, humwambia nini juu yetu?"

Nikamjibu kama nijibuvyo siku zote. Humwambia kwamba Ngome ilianza kujengwa mwaka wa 1593; kwamba waliijenga ili kuikalia Mombasa kwa nguvu; kwamba Waarabu wa Oman waliizingira miezi 33, wakaitwaa mwezi wa Desemba mwaka wa 1698. Humwonyesha mizinga. "Na halafu?" akauliza. Nikafikiri. Halafu hakuna kitu. Humwuzia soda.

Tena nilikumbuka jambo jingine ninalolijua, nalo sijapata kulitaja kwa mgeni hata mmoja: kwamba Ngome ilipokwisha kuwa jela, ikatengenezwa na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka wa 1960, fedha za kazi hiyo zilitolewa na wakfu wa Gulbenkian, ambao makao yake ni mji huo huo wa Lisbon. Nilikuwa nimemlaumu mwenzangu kwa "bandari moja," kumbe nami nina bandari zangu nisizozitaja. Nikamwambia hivyo. Akacheka, akasema basi tumelingana, akaenda zake kupanda basi.

Matembezi ya jioni nitayaeleza kwa ufupi, maana naona vijana wa nyuma wanatazama saa. Kiongozi wake alikuwa kijana ambaye wazazi wake walitoka visiwa vya Cape Verde, vilivyotawaliwa na Wareno mpaka mwaka wa 1975. Alitupitisha katika njia iitwayo Rua do Poço dos Negros, Njia ya Shimo la Weusi. Mwaka wa 1515 mfalme Manuel, yule yule wa chombo cha dhahabu, aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa kuwa zilikuwa zikitupwa ovyo na kunuka. Katika hesabu ya mwaka wa 1551, karibu mtu mmoja katika kila kumi mjini Lisbon alikuwa mtumwa. Leo njia hiyo ina mikahawa na maduka, na mtu aweza kupita na mkate wake wa jioni asijue anakanyaga nini. Kijana alisema maneno hayo machache, akavua kofia yake, akaivaa tena.

Kisha tukala cachupa, chakula cha nyumbani kwao: mahindi yaliyotwangwa na kuondolewa ganda, maharagwe, muhogo, viazi vitamu, na kipande cha samaki, vyote katika chungu kimoja kwa moto wa taratibu. Watu wa Kiambu na Murang'a wangesema ni githeri iliyoolewa na samaki, na watu wa hapa wangeita pure. Mama mpishi alitoka jikoni, akaniona nakula kama mtu aliyerudi kwao, akanijaza sahani ya pili bila ya kuniuliza.

Tangu niliporudi nimebadili njia yangu. Zamani nilikuwa nikikutana na wageni mlangoni pa Ngome. Sasa nakutana nao Marikiti, mbele ya muuza machungwa, na kabla ya jambo lo lote nawauliza mmoja mmoja kile asichokula. Nawanunulia machungwa, nawahadithia jahazi za mwaka wa 1498, na tunapotembea kuelekea baharini nawahesabia meza na leso na kopo na gereza. Mwezi uliopita walikuja mume na mke, Wareno, watu wazima. Nilipofika kwenye habari za mwaka wa 1505 yule mume alitaka kusema kitu, akanyamaza. Niliwaambia pia habari za dhahabu ya Kilwa iliyo mjini mwao. Hawakuwa wameiona hata siku moja, na mke aliandika jina la makumbusho nyuma ya tikiti yake. Walimaliza machungwa yao wakiwa wamesimama, wakanawa mikono kwenye bomba la sokoni, tukaenda Ngomeni.

 Kama yuko mwenye swali, na aulize.